Povu Kwenye Tangi Jipya

Kila siku akitoka shule, Chapuchapu alikuta ua wao umejaa mashuka ya watu. Mama yake alikuwa dobi. Kamba tano zilikatiza ua kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na kazi ya Chapuchapu ilikuwa kuanua vilivyokauka, kuvikunja na kuvipanga kwenye meza ndefu ambako mama alipigia pasi. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini nyumbani na mtaani aliitwa hivyo kwa sababu kila kitu alikifanya mbio, hata sala. Bibi alisema mjukuu wake huyu hufika kwenye "amina" kabla wengine hawajafumba macho vizuri.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: kitu ambacho hakijaguswa na sabuni hakijaoshwa. Mama aliweza kuinua kikombe, akakinusa, akasema, "Hiki kimesuuzwa tu," na aliyekisuuza akakirudia bila ubishi.

Mwisho wa meza ya pasi palikuwa na tangi la kioo lenye samaki watatu wa mapambo, wale wa rangi ya dhahabu. Walikuwa mali ya mdogo wake Chapuchapu, mtoto wa miaka tisa aliyeitwa Meneja kwa jinsi alivyopenda kupanga kazi za wenzake huku yeye amekaa. Samaki wake aliwapa vyeo. Mkubwa alikuwa Jenerali, aliyetangulia kila mahali. Wa pili alikuwa Mlinzi, ambaye alijibanza pembeni akasinzia. Wa tatu, mwenye mkia mrefu mweupe uliomfuata kama shela, alikuwa Bi Harusi.

Wiki ya tatu sasa Meneja alikuwa amelazwa hospitalini. Alianguka kutoka juu ya ukuta akifuata mpira, mguu ukavunjika mahali pawili. Jioni ile ya kwanza, machozi bado yako shavuni, neno alilomwambia dada yake halikuhusu mguu.

"Dada, samaki wangu watunze wewe. Usimwachie mtu."

"Nitawatunza," Chapuchapu alisema. "Utawakuta wote watatu."

Halafu tangi likaanza kuvuja. Gundi ya pembeni ilikuwa imechoka. Lilianza tone moja, likafuata la pili, na siku chache baadaye mchirizi mwembamba ulitambaa juu ya meza hadi kwenye mashuka ya mteja yaliyokwisha kupigwa pasi. Mama aliinua shuka la juu, akatazama alama ya maji, akashusha pumzi.

"Chapu, mwanangu, mashuka haya ndiyo yanayotulisha. Jumamosi naenda kumchukua mdogo wako. Nikirudi nisikute maji hapa mezani. Kama hakuna tangi jipya, samaki waende kwa kinyozi. Ameshawaomba mara mbili, wateja wake wapate cha kutazama."

"Kwa kinyozi hawaendi, mama."

"Basi kazi ni yako."

Aliyetengeneza tangi jipya alikuwa fundi vioo wa mtaa wa pili, ambaye mama alimfulia ovaroli zake. Alikuwa mtu mrefu mwenye penseli nyuma ya sikio na vidole visivyokosa plasta. Yeye mwenyewe alifuga samaki kwenye pipa nyuma ya karakana. Alilileta tangi siku ya Alhamisi, akaliweka uani kwa uangalifu, akamwita Chapuchapu.

"Sasa nisikilize, binti. Maji ya bomba yana dawa. Kinga ndoo mbili kesho asubuhi, ziache wazi mpaka Jumamosi, dawa itoke. Samaki usiwashike kwa mkono. Wateke kwa bakuli pamoja na maji yao, uwatie kwenye mfuko wa nailoni, mfuko uelee ndani ya tangi jipya mpaka maji ya ndani na ya nje yawe na joto moja. Halafu unaongeza maji mapya mfukoni, kikombe kimoja kimoja. Ukimaliza hapo ndipo unawaachia. Umenipata?"

"Nimekupata, fundi." Chapuchapu alikuwa ameshika ndoo tayari.

"Bado. Tangi lisuuze kwa maji matupu. Sabuni isiliguse."

"Sawa, fundi."

Ijumaa alikinga ndoo zake mbili, akaziacha wazi. Jumamosi saa mbili asubuhi mama aliondoka kwenda hospitalini, na Chapuchapu akaingia kazini. Alilisuuza tangi kwa maji matupu, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama juani. Alama za vidole vya fundi zilionekana wazi. Kwenye kona palikuwa na utando mweupe wa gundi. Akasugua kwa maji, alama zikasogea tu.

Alisimama akafikiri. Maneno ya fundi aliyakumbuka vizuri, tena yote. Lakini fundi alikuwa mtu wa kufutia mikono kwenye suruali. Mambo ya vioo aliyajua, ila mambo ya usafi angemfundisha nini mtoto wa dobi? Na Meneja alikuwa anatoka hospitalini, mahali peupe penye sakafu ya kung'aa. Aje akute tangi lenye alama za vidole?

Alichota sabuni ya unga, kijiko kimoja tu, akasugua. Alisugua vioo, akasugua kona, akasugua na kokoto za chini. Kisha alisuuza mara tatu, kama mama alivyosuuza mashuka meupe. Tangi likang'aa mpaka mtu angedhani halina kioo.

Mengine yote aliyafanya kama alivyoelekezwa. Alimimina ndoo zake mbili, akateka samaki kwa bakuli, akawatia mfukoni, akauacha mfuko uelee, akaongeza maji kwa kikombe. Maji ya tangi la zamani aliyamwaga kwenye beseni la Bibi, kwa kuwa Bibi alikuwa hatupi maji na nyanya zake zilikuwa uani pale pale. Saa nne kasoro akafungua mfuko. Jenerali akatoka wa kwanza, Mlinzi akafuata, Bi Harusi akaingia na shela lake.

Chapuchapu aliketi kwenye kigoda kuwatazama. Alijisikia mtu mzima.

Raha hiyo haikufika mbali. Kwanza aliona vipovu vidogo vimejipanga pembeni ya kioo, juu ya maji. Halafu Jenerali akapanda juu, akaanza kutweta mdomo ukiwa wazi. Mlinzi, ambaye hakuwa na desturi ya kukimbia, alirukaruka huku na huku akijigonga kwenye kioo. Matamvua ya Bi Harusi, yale mashavu samaki wanayopumulia, yalifunguka na kufunga upesi upesi. Akaanza kuinama upande mmoja.

Chapuchapu alijua ni nini, lakini alijifanya hajui. Akatoka mbio hadi karakana.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Samaki wanatweta. Bi Harusi anainama."

Fundi aliweka chini kioo alichokuwa anapima. "Uliyaacha maji wazi siku nzima?"

"Ndiyo."

"Uliwaingiza polepole?"

"Ndiyo."

"Tangi ulilisuuza na nini?"

"Maji matupu," Chapuchapu alisema.

"Maji matupu kweli?"

"Kweli."

Fundi aligeuka kutazama rafu, palipokuwa na kopo la gundi, na uso wake ukabadilika.

"Basi ni gundi yangu hiyo," alisema taratibu. "Kopo hili nimelifungua wiki hii. Na tangi la pale zahanati nimelifunga kwa gundi hii hii. Samaki kumi na wawili wametiwa jana, watoto wagonjwa wanawatazama." Alichukua shati lililotundikwa msumarini, akaanza kulivaa juu ya fulana. "Ngoja nikimbilie kule kwanza, nikawaambie wawatoe, nimewafanyia kazi mbovu. Nikirudi nitapita kwenu."

Zahanati ilikuwa mbali, upande wa pili wa mji. Chapuchapu alimtazama anavyofunga vifungo kwa vidole vyake vya plasta, anakosea tundu, anaanza upya. Mtu huyu alikuwa anakwenda kujitangaza mbele ya watu kuwa kazi yake ni mbovu, na haikuwa mbovu. Na wakati anakwenda na kurudi, Bi Harusi angekuwa anaogelea ndani ya sabuni.

Akapiga moyo konde.

"Fundi, usiende."

"Nini tena?"

"Si gundi. Ni mimi. Nilitia sabuni. Kijiko kimoja. Nilisuuza mara tatu, lakini nilitia. Nimekudanganya."

Fundi alibaki na kifungo mkononi. Hakupaza sauti.

"Ungeniambia ulipofika hapo mlangoni, sasa hivi ungekuwa umeshawatoa. Haya. Maji yao ya zamani yako wapi?"

"Kwenye beseni la Bibi. La kumwagilia nyanya."

"Nyanya zimeshamwagiliwa?"

"Sijui."

"Basi kimbia. Watoe humo, uwarudishe kwenye maji yao. Mimi nakuja na maji ya pipa langu, yamekaa siku tatu. Haya, leo jina lako lifanye kazi."

Chapuchapu aliingia uani kama upepo. Bibi alikuwa ameinama na kopo lake la matundu. Mstari wa kwanza wa nyanya ulikuwa umelowa, wa pili nusu.

"Bibi, usimwage."

"Ngoja nimalizie mstari huu."

"Bibi, hayo ni maji ya samaki."

"Najua ni maji ya samaki. Ndiyo maana nyanya zinayapenda." Kisha Bibi akauona uso wa mjukuu wake, akaliweka kopo chini. "Yapo nusu beseni. Chukua."

Walimimina maji yale kwenye ndoo safi. Chapuchapu aliteka samaki kwa bakuli, safari hii akitia maji ya tangi kidogo iwezekanavyo. Jenerali alishuka chini ya ndoo akatulia. Mlinzi akatafuta pembeni, na kwa kuwa ndoo haina kona, akazunguka akiitafuta. Bi Harusi alielea ubavu, jicho moja likitazama mbingu.

Fundi alifika na dumu kila mkono. Alichungulia ndoo, akatingisha kichwa.

"Huyu anahitaji hewa. Bibi, unaweza kuteka maji kwa kikombe, ukayamimina humo humo kutoka juu? Yakidondoka yanaingia na hewa. Ila yasimwangukie yeye."

"Naweza kutwa nzima," Bibi alisema. Akavuta kigoda, akaanza kuteka na kumimina, midomo ikimcheza kwa dua.

"Na wewe, binti, kokoto zile zimekunywa sabuni, zitupe. Tangi utalisuuza mpaka lipite mtihani." Fundi alitoa chupa ya plastiki mfukoni. "Kila ukisuuza, jaza humu maji ya tangi, funga kizibo, tikisa kwa nguvu. Povu likikaa juu, sabuni bado ipo. Likipotea papo hapo na maji yakabaki kama maji, umemaliza. Kusuuza tumia ya bomba, hayana neno. Haya ya madumu ni ya mwisho. Mimi narudi kuleta mengine mawili."

Chapuchapu alisuuza, akajaza chupa, akatikisa. Povu lilifika shingoni mwa chupa. Akamwaga, akasuuza tena. Povu nusu. Mara ya tatu, ambayo asubuhi aliiona ya kutosha, povu lilikaa juu ya maji kama pamba. Alichukua kitambaa cheupe, akakizungusha kidoleni, akapitisha kwenye kila kona palipo na gundi, kuanzia juu hadi chini. Hapo ndipo sabuni ilipojificha. Mara ya nne. Mara ya tano. Mgongo ulimuuma, vidole vikakunjamana kama vya mama. Kila akitazama ndoo alimwona Bi Harusi bado ubavu, na kila akimwona aliinua ndoo nyingine ya maji ya bomba.

Alikuwa kwenye mara ya saba mlango wa ua ulipofunguliwa. Mama aliingia na mkoba, na nyuma yake Meneja, akitembelea magongo, mguu umefungwa plasta ngumu nyeupe hadi gotini.

Meneja alitazama tangi tupu, akatazama ndoo, akamtazama Bibi na kikombe chake.

"Dada, mbona samaki wangu wako kwenye ndoo?"

Chapuchapu alisimama. Maji yalimchuruzika viwikoni. Hakutafuta maneno.

"Niliosha tangi kwa sabuni. Fundi alikuwa amenikataza, nikaona najua zaidi. Wakaanza kutweta. Nikaenda kwa fundi, nikamdanganya kwanza, halafu nikamwambia kweli. Sasa naondoa sabuni."

Mama alifungua mdomo. Bibi aliinua mkono wenye kikombe, mama akafunga mdomo.

Meneja alijongea kwenye ndoo, akainama kadiri magongo yalivyomruhusu. "Bi Harusi amelala ubavu."

"Ndiyo."

"Atakufa?"

"Sijui," Chapuchapu alisema. Lilikuwa neno gumu kuliko yote aliyoyasema siku ile.

Meneja alimtazama samaki wake, kidevu kikimtetemeka. Kisha alijishusha polepole kwenye kigoda, akanyoosha mguu wake mweupe mbele, akanyoosha na mkono.

"Lete hiyo chupa. Mikono yangu haijavunjika."

Mama aliweka mkoba chini, akajifunga kitambaa kiunoni, akaenda kukinga maji. Sasa kazi ilikwenda kwa mstari: mama anakinga, Chapuchapu anasuuza, Meneja anatikisa chupa na kutoa hukumu.

"Bado," alisema mara ya nane.

"Ni povu kidogo tu," mama alisema.

"Kidogo ni povu vilevile, mama. Rudia."

"Umesikia? Meneja amerudi," Bibi alisema, bila kuacha kumimina.

Mara ya tisa povu lilipotea, lakini kwa kusitasita. Mara ya kumi na moja maji yalibaki kama maji. Meneja alitikisa mara ya pili ili kuhakikisha, akasema, "Limepita."

Wakati huo fundi alikuwa ameshaleta madumu mengine mawili. Waliliweka tangi mwisho wa meza ya pasi, wakayamimina maji polepole, likajaa nusu na zaidi. Samaki wakatiwa mfukoni pamoja na maji yao, mfuko ukaelea. Chapuchapu aliweka kidole ndani ya mfuko, akaweka ndani ya tangi, akasubiri, akaweka tena.

"Kikombe kimoja," Meneja aliamuru, "halafu unihesabie mpaka mia."

Chapuchapu alihesabu mpaka mia. Hakuruka hata tarakimu moja. Akatia kikombe cha pili, akahesabu tena. Vikombe kumi, mia kumi. Hakuna aliyemharakisha, na yeye hakutaka kuharakishwa.

Jua lilikuwa limeinama alipofungua mfuko. Jenerali alitoka, akafanya ukaguzi wa kuta zote nne. Mlinzi akaenda moja kwa moja kwenye kona, akasinzia kama mtu aliyefika kwake. Bi Harusi alitoka wa mwisho, bado ameinama. Akashuka hadi chini, akaegemea kioo, akatulia kabisa.

Watu watano waliinama mbele ya tangi. Mkia mweupe ukatikisika mara moja. Ukatulia. Ukatikisika tena, kisha shela lote likafunguka, na Bi Harusi akajiweka wima, akajivuta taratibu kwenda pale alipokuwa Mlinzi.

"Hajapona bado," fundi alisema. "Leo asilishwe, wala kesho. Lakini ataishi."

Chapuchapu alijifuta uso kwa mkono wa gauni. Kisha akamgeukia fundi. "Fundi, nisamehe. Nilikaribia kukuharibia jina."

"Uliniambia kabla sijatoka karakana," fundi alisema. "Hilo ndilo nitakalolikumbuka." Akachukua madumu yake, akaaga.

Mama alikaa mwisho wa meza ya pasi, karibu na tangi. Aliishika mikono ya binti yake iliyokunjamana, akaigeuza, akaitazama.

"Sabuni sikulaumu," alisema. "Hata mimi ningelisugua tangi lile kwa sabuni, Mungu ni shahidi. Hilo ni kosa la kutojua, na ulipokatazwa likawa kosa la kujiona unajua. Makosa hayo yanasuuzika, umeona mwenyewe, ingawa yanachosha. Lakini niambie, pale karakana ulikaa na uongo wako muda gani?"

"Kama dakika tano, mama."

"Ulipofika ungeweza kusema 'nilitia sabuni'. Maneno mawili. Dakika tano hizo samaki wamezivuta kwa matamvua yao, na baba wa watu alikuwa anavaa shati ili aende akajishtaki kwa kosa lisilo lake. Ukikosea, mwanangu, sema pale pale. Anayetaka kukusaidia hawezi kutibu asichoambiwa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Haya. Na meza yangu sasa ni kavu. Kinyozi atafute picha za kutundika."

Jioni, kabla ya chakula, walikusanyika kusali kama kawaida yao, Meneja akiwa amekaa, mguu wake juu ya mto. Bibi aliongoza. Alipomaliza, mama alisema amina, Meneja akasema amina. Bibi akafumbua jicho moja kumtafuta mjukuu wake wa mbio.

Chapuchapu alikuwa bado amefumba macho, midomo ikimcheza. Wakamngoja mpaka alipomaliza.